Mashine Haiulizi Mara Mbili

Nina ugomvi na sekunde mbili. Si sekunde mbili zozote, ni zile zinazofuata ukishawasha kompyuta ya kizamani, pale chini ya kioo panapotokea mstari mmoja wa Kiingereza unaokuambia ubonyeze kitufe fulani kama una la kusema, halafu mstari huo unapotea kabla hujapapasa miwani. Mashine hiyohiyo itachukua dakika nne kufungua barua ya aya mbili na wala haitaona haya. Itakuzungushia kiduara kwenye kioo mpaka chai ipoe na kujitanda utandu juu. Lakini ikifika zamu ya kuniuliza mimi, niliyeilipia, kwamba leo iamkie wapi, inauliza mara moja, mbiombio, tena jibu lenyewe hailisubiri.

Mke wangu ana duka la steshenari. Fotokopi, kuchapa, laminesheni, barua za kuomba kazi, na ukifika msimu wa harusi, kadi za michango zisizo na idadi. Roho ya duka ni printa moja kongwe ambayo haijawahi kugoma, ila ina sharti: inaelewana na Windows 7 tu. Ukiiunganisha na mashine mpya inatoa karatasi nyeupe, moja baada ya nyingine, kwa utulivu kabisa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, lakini habari hiyo printa haijaipata na mwenye duka hana mpango wa kuipa.

Basi ikatafutwa kompyuta ya rika lake. Ikapatikana kwenye ofisi moja iliyokuwa inasafisha stoo: sipiyu ya kijivu, nzito ya kubebwa na watu wawili wanaoelewana, nembo ya kampuni imebanduka ikabaki gundi. Ndani yake mlikuwa na windo ya zamani iliyofungwa kwa neno la siri la mtu aliyekwisha kustaafu. Kilichotakiwa ni kuipiga windo upya. Na kwa kuwa ilitengenezwa enzi ambazo flashi ilikuwa anasa ya mabosi, haikubali kuamkia kwenye flashi. Inakubali flopi, hadidiski, na diski za duara, sidii au dividii. Basi.

“Sasa shem,” akasema mdogo wake mke wangu, ambaye ni fundi simu na kwa hiyo ni fundi wa kila kitu, “dividii tupu utaipata wapi miaka hii?”

Swali la haki. Kulikuwa na wakati dividii zilining'inia mpaka kwenye genge la nyanya. Filamu ishirini kwenye diski moja, Jackie Chan na Rambo wamebanana, na nyingine mtafsiri Lufufu amekwisha kuzitafsiri na kuzitia chumvi hata ukiona ya asili unahisi umepunjwa. Leo nenda Kariakoo ukaulize dividii tupu. Muuzaji atakutazama usoni, atashuka mpaka kwenye viatu, apime umetoka safari gani. Wa kwanza alitaka kuniuzia kava. “Diski zimeisha mzee, ila kava zipo,” akasema, na akazitoa kweli, bunda zima. Wa pili akanielekeza kwa mpiga video za harusi, kwamba hao ndio waliobaki nazo, kwa sababu bado kuna wazazi ambao ndoa haijafungwa mpaka dividii iwe mkononi. Huko nikazikuta, ziko ndani ya nailoni, gigabaiti 4.7 kila moja. Sidii ya kawaida ya megabaiti 700 isingefaa, Windows 7 haienei humo hata uikalie.

Kijana mmoja mwenye kompyuta nzima akanichomea. Alichoma kwa kujiamini, huku anajibu meseji. Nilipoiweka kwenye mashine ya kijivu, mlango ukaingia ndani, diski ikazunguka kwa mvumo, taa ikapepesa, kisha kimya. Likaja boksi la neno la siri la mstaafu. Kumbe kijana alilichukua lile faili kubwa la windo, akalinakili kwenye dividii vilevile lilivyo. Ukiifungua diski kwenye mashine nyingine unalikuta faili limekaa humo peke yake, zima, halina mkwaruzo, na halina faida. Lilitakiwa kufumuliwa na kutandazwa kwenye diski kama taswira kamili, sekta kwa sekta, siyo kuhifadhiwa.

Hapa inabidi niwataje waliolianzisha jambo hili la diski kuamsha mashine. Zamani, sidii haikuweza kuamsha kompyuta hata kidogo. Ulikuwa unaiwasha kwa flopi iliyobeba programu ya kuitambulisha sidii, ndipo sidii nayo ipewe nafasi ya kusema. Januari 1995, Curtis Stevens wa kampuni ya Phoenix na Stan Merrill wa IBM wakatoa utaratibu wa kuifanya sidii iamshe mashine yenyewe. Utaratibu huo unaitwa El Torito, na inasimuliwa kwamba ulipewa jina la mgahawa wa vyakula vya Kimeksiko uliokuwa Irvine, California, ambako wazo lilizaliwa watu wakiwa mezani. Sina neno na chakula chao. Utaratibu wenyewe unasema hivi: mashine iende moja kwa moja kwenye sekta ya 17 ya diski, humo ikute tangazo kwamba diski hii ina kitu cha kuamshia, na tangazo liielekeze kilipo. Isipolikuta, haiulizi mtu, inaendelea na safari zake. Dividii ya yule kijana sekta ya 17 haikuwa na tangazo lolote. Watu walikula, wakaandika, dunia nzima ikafuata, halafu kijana wa mjini anakuja kunakili faili!

Nikachomewa nyingine, mara hii mimi nimesimama nyuma ya kiti. Ikafika zamu ya zile sekunde mbili.

Kwanza, ni kitufe gani? Kila kampuni iliamua lake, na nina hakika ziliamua usiku, kila moja imefunga milango yake. Dell walipenda F2. HP na Compaq wakachukua F10. IBM, F1. Mashine za kuunga zilizotumia programu za Award au AMI, Delete. Laiti nembo ingekuwepo ningejua nabonyeza nini, lakini nembo imebaki gundi, na gundi haisemi. Mtu angeniambia nisome mstari wenyewe kwenye kioo. Nani asome? Hii monita yetu bapa, ukiiwasha inachukua muda wake kuamka, inaonyesha kwanza jina lake kwa mbwembwe, inatafuta waya, inapepesa macho, na ikishakaa sawa kuonyesha kitu, mstari umekwisha pita na boksi la mstaafu limefika. Vioo vile vya zamani vyenye kisogo vilikuwa vikiachwa vimewaka unauona mstari. Hiki kila mashine ikizimwa nacho kinalala.

Shemeji akashauri tubonyeze vyote. Tukakaa wawili mbele ya kibodi, yeye upande wa F1 mpaka F12, mimi nalinda Delete na Esc, mke wangu akawasha. Tukatwanga. Hakuna kilichotokea. Tukawasha upya, tukatwanga tena kwa mpangilio tofauti. Wateja wawili walisimama mlangoni wakatutazama kwa heshima, wakidhani ndiyo kuchapa kwa haraka kwenyewe.

Tatizo halikuwa kitufe. Tatizo lilikuwa kwamba kibodi yenyewe, katika dakika zile za mwanzo, mashine ilikuwa haiioni. Ilikuwa kibodi ya USB, na mashine za rika lile nyingi zinaitambua kibodi ya USB baada tu ya windo kuamka, au kama mtu aliingia kwenye mipangilio akairuhusu. Yaani ili uingie kwenye mipangilio unahitaji kibodi, na ili kibodi ikubaliwe unahitaji kuingia kwenye mipangilio. Kuna mtu aliyelipwa mshahara kwa hilo. Dawa ni kibodi ya zamani yenye mdomo wa duara, ule wa zambarau, unaochomekwa nyuma pembeni ya tundu la kijani la mausi. Shemeji alikuwa nayo uvunguni kwake, imejaa makombo ya karanga na herufi A imefutika.

Kabla haijachomekwa vizuri, mashine ikatuandikia ujumbe ambao nilikuwa nausikia kwa watu nikidhani ni utani: kwamba kibodi haionekani, tafadhali bonyeza F1 kuendelea. Nilimwita mke wangu aje aone. Aliusoma, akanitazama, akarudi kwenye fotokopi zake.

Tulipoichomeka sawasawa, ikawa F2. Au ilikuwa Delete. Tulikuwa tunatwanga vyote, sitaapa. Mashine ikalia “pii” moja fupi, ile ya kusema nimejikagua ni mzima, na kioo kikageuka bluu, maandishi meupe, hakuna mausi, ni mishale ya kibodi tu. Hii ndiyo baiosi. Ukiingia humo mara ya kwanza unahisi umefungua mlango wa chumba ambacho hukutakiwa. Kuna mambo ya joto la prosesa, kuna maneno ambayo ukiyagusa shemeji anakushika mkono. Tukateremka mpaka kwenye orodha ya nani aanze kuamshwa.

Wa kwanza, flopi. Mashine haina flopi. Palipokuwa na flopi pana kibati cha kuziba. Lakini flopi ndiye mkubwa, kwa sababu mwaka 1981 IBM walipotoa kompyuta yao ya kwanza ya mtu binafsi, haikuja na hadidiski. Ilikuwa inatafuta flopi, ikikosa inaangukia lugha ya programu ya BASIC iliyomo ndani yake. Mwaka 1983 ikaja XT yenye hadidiski, na flopi akaendelea kuulizwa kwanza. Desturi ikarithishwa hivyo hivyo mpaka kwa mashine zilizong'olewa flopi.

Wa pili, hadidiski. Wa tatu, na wa mwisho, diski za duara.

Sasa sikiliza jinsi baiosi inavyofanya kazi, maana shemeji alieleza kwa Kiingereza cha mafundi na mimi nimekielewa kwa namna yangu. Baiosi ni mshenga aliyepewa majina ya wazee watatu na kuambiwa abishe hodi kwa mpangilio. Kwa mzee wa kwanza anabisha, hakuna mtu, marehemu. Anakwenda kwa wa pili. Huyu akifungua tu mlango, mshenga anavua viatu na kuingia, na hatoki tena. Hapimi kama mzee ana akili zake au kalewa tangu asubuhi. Anachotazama ni ishara mlangoni: kwenye hadidiski anasoma sekta ya kwanza kabisa, yenye baiti 512, na baiti mbili za mwisho zikiwa 55 na AA, amekwisha kuridhika, anakabidhi posa yote. Ndiyo maana hadidiski yetu, yenye windo iliyofungwa na mtu asiyekuwepo, ilikuwa inapokea ugeni kila siku, huku mzee wa tatu amevaa kanzu, pilau limeiva, amekaa barazani anaangalia njia. Dividii yangu haikuwa mbovu. Haikufikiwa.

Kumpandisha mzee wa tatu awe wa kwanza ni kazi ya kitufe cha kujumlisha. Unamwangazia, unabonyeza, anapanda ngazi moja. Unabonyeza tena. Kwenye mashine nyingine ni kutoa, nyingine F5 na F6, nyingine Enter halafu uchague. Nimekwisha kusema walikaa usiku. Kisha F10, inakuuliza kama una hakika, unajibu Y. Mashine za baadaye kidogo zina njia ya mkato, unabonyeza F12 au F9 unachagua kwa siku hiyo tu bila kuvuruga ukoo. Yetu haina.

Tukasevu. Ikazima, ikawaka, diski ikaanza kuvuma, shemeji akasema “umeona!”, na umeme ukakatika.

Uliporudi tulikuwa tumekula. Tukawasha. Mashine ikatuletea boksi la mstaafu. Tukaingia baiosi: flopi amerudi kileleni, hadidiski wa pili, mzee wangu wa tatu chini kabisa, na tarehe ni Januari mosi 2004. Yale yote tuliyoyapanga yalikuwa yameandikwa kwenye kumbukumbu inayolindwa na kijibetri cha duara kilichoko kwenye ubao wa ndani. Betri ikifa, mashine inakumbuka kwa muda wote imechomekwa ukutani. Umeme ukikatika inasahau kila kitu na kurudi kama ilivyotoka kiwandani. Ofisini kule labda walikuwa na jenereta.

Tukapanga upya, F10, Y, na safari hii umeme ukatuhurumia. Kioo cheusi. Juu kabisa, pembeni kushoto, mstari: bonyeza kitufe chochote kuamkia kwenye sidii au dividii. Na nukta. Nukta moja, ya pili, ya tatu, taratibu. Yaani baada ya yote haya, bado inataka kujua kama ni kweli. Unapewa kama sekunde tano, za ukarimu ukilinganisha na zile mbili, lakini ni sekunde tano zilizochagua kuja wakati mama mmoja ameingia na kitambulisho anataka fotokopi mbele na nyuma, shemeji amepokea simu, na kibodi iko mikononi mwa mteja mwingine aliyeisogeza ili apate pa kuwekea bahasha. Nukta zikaisha. Mstaafu.

Mwanangu, anayesoma darasa la tano na kukisoma Kiingereza kwa sauti ili tusikie ada inavyofanya kazi, akateuliwa mlinzi. Akaambiwa: mstari ukitokea, bonyeza. Akakaa kwenye stuli, kidole hewani. Mstari ukatokea, akabonyeza kwa nguvu zilizobaki za herufi A. Na kweli, ikaja ile michirizi myeupe, faili zinapakiwa, kisha madirisha yenye rangi nne. Tukachagua lugha, tukaifuta nyumba ya mstaafu yote, tukasema weka. Asilimia zikaanza kupanda. Dividii kwenye mashine ya zamani haikimbii. Inasoma kidogo, inapumzika, inanguruma, inasoma tena. Tukauza fotokopi, tukauza kalamu, jua likageuka.

Ilipofika mwisho wa hatua ya kwanza, windo ikajizima na kujiwasha yenyewe, kama inavyopaswa. Dividii bado imo ndani, bado ni mzee wa kwanza, na mstari ukatokea tena: bonyeza kitufe chochote.

“Baba, nimeiwahi!” mwanangu akapiga kelele.

Ameiwahi kweli. Usipobonyeza hapo, mashine inapita kwenye hadidiski na kumalizia kazi. Ukibonyeza, inaanza upya: lugha, masharti, weka. Mtoto hana kosa hata chembe. Alipewa amri na akaitekeleza, ni wakubwa wachache wa kufanya hivyo. Kosa ni la mashine, ambayo mwanzo inakusihi ubonyeze, na baadaye, kwa maneno yaleyale, herufi zilezile, pembe ileile ya kioo, inakusihi huku inaomba Mungu usibonyeze. Tukaizima, tukaiwasha, tukamfungashia mlinzi mikono kwenye magoti, tukaziacha nukta ziishe. Ikapita. Jioni windo ilikuwa mezani, ile ya mandhari ya bluu, na printa ikatoa karatasi yenye maandishi.

Tatizo likabaki kwenye tarehe. Umeme wa huku hauna ratiba, na kila ukikatika duka linarudi 2004. Intaneti nayo haitaki mashine inayoishi 2004. Kila tovuti unayofungua inasema cheti chake cha usalama hakijaanza kutumika, ikakufungia mlango. Na ile programu ya barua ya mke wangu inajaza tarehe yenyewe, kwa hiyo kadi za kikao cha harusi zikatoka na tarehe ambayo bwana harusi alikuwa hajaanza chekechea. Kamati ya maandalizi ilizikubali, mweka hazina akasema labda michango nayo ilipwe kwa bei za wakati huo.

Kijibetri chenyewe ni CR2032, na jina ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2, volti 3. Kiko kwenye rimoti za gari, kwenye vitaa, kwenye vitu vya watoto vinavyoimba. Fundi saa wa kwanza hakuwa nacho. Wa pili alikuwa nacho, akanitajia bei ya mtalii. Nikarudi nyumbani nimenuna, na nilipopita chumbani nikauona ule mzani wa kioo wa kupimia uzito, zawadi ya mtu ambaye sijui tulimkosea nini. Nikaugeuza. Chini kuna kimlango, ndani ya kimlango kuna kitu cha duara kinang'aa, na juu yake pameandikwa namba zilezile.

Kompyuta sasa inajua leo ni lini hata umeme ukatike wiki nzima. Flopi ameteremshwa mpaka chini na hakuna aliyemlilia. Mzani haujawaka tangu Jumamosi. Mke wangu ameligundua hilo, ameniuliza, nimemweleza lote kuanzia mgahawa wa California, na amesema betri nyingine isinunuliwe mpaka Krismasi ipite.